Muulize Anakaa Dawati Gani

Nilisikia mitungi kabla sijaona mtoto hata mmoja. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama kwenye kivuko cha reli pale Makindu, mabehewa yamejipanga kama ukuta usio na mwisho, na nyuma ya ukuta huo kulikuwa na mlio: ko, ko, ko-ko. Plastiki tupu ikigonga plastiki tupu, ikigonga magoti, ikigonga mawe. Jua ndio kwanza lilikuwa linachomoza, na ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilidhani ni fundi fulani anayeamka mapema kuliko wateja wake.

"Ngoja treni iondoke," alisema Mzee Kasyoki, karani wa ofisi aliyepewa kazi ya kunionyesha kazi. "Hiyo ni kazi yako, Madam. Inakupigia hodi."

Treni ikavuta pumzi, ikasogea, behewa baada ya behewa, na lilipopita la mwisho niliwaona: watoto wengi wa shule, kila mmoja na mtungi wa plastiki wa lita tano, wakielekea kwenye tangi karibu na stesheni. Kwa nyinyi mnaokuja kufanya kazi huku mkitokea sehemu zenye mvua, jueni kwamba Ukambani mtoto hubeba maji ya shule kama anavyobeba vitabu. Maji hayo ndiyo yanayopika mahindi na maharagwe ya mchana, ndiyo yanayonywesha miche, ndiyo yanayotuliza vumbi la sakafu kabla ya kufagia. Asiye na mtungi hana namna ya kupita langoni bila kutazamwa.

Kazi yangu ilikuwa kuwatafutia nafasi shuleni watoto wanaoishi kwenye makao ya muda, yale ambayo kila mtu huyaita shelta. Ni watoto waliofukuzwa kwenye ploti za kupanga, waliounguliwa na nyumba, waliosombewa shamba na mafuriko, au ambao mama yao aliondoka mahali fulani kwa haraka na hataki kulisema jina la mahali hapo. Nimeifanya kazi hiyo kaunti ya Makueni, kisha ya Kitui, hadi nilipokabidhi funguo juzi. Vyeo na mshahara sitaviandika hapa. Vyeo vilinipita bila kunisalimia, na mshahara mnaujua, kwa sababu sasa ni wenu.

Siku hiyohiyo ya kwanza niliharibu. Shelta ya Makindu ilikuwa bohari la zamani kando ya reli, familia zimetenganishwa kwa leso na mashuka yaliyotundikwa kwenye kamba. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikafungua daftari langu jipya, nikamuuliza msichana wa kwanza, "Unaishi wapi?" Akainamisha kichwa. Nikamuuliza tena kwa sauti ya upole, ile sauti yetu ya ofisini inayowatisha watoto kuliko ukali. Akaitazama leso iliyokuwa mlango wao, akaanza kulia.

Mzee Kasyoki alinivuta nje.

"Mtoto wa shelta usimuulize anaishi wapi. Swali hilo ameulizwa na dunia nzima na hana jibu. Muulize anakaa dawati gani."

"Na kama hana dawati?"

"Basi umeshajua kazi yako ya leo."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa. Semina zilizofuata zilikuwa na chai nzuri.

Vifaa vya Mzee Kasyoki vilikuwa vitatu, na nilivirithi vyote. Kulikuwa na kitabu cheusi chenye jalada gumu, ambamo hakuandika kwanza jina la mtoto bali nafasi yake: safu ya pili, karibu na dirisha, na jina la mwenzake wa dawati. Kulikuwa na penseli fupi iliyofungwa kwenye kitabu kwa uzi wa mkonge, maana kalamu ya wino hukauka kwa joto la Makindu mwalimu mkuu anapoanza tu kukubali. Na kulikuwa na futi ya fundi cherehani, ya kupimia sare. Nilimcheka kwa hiyo futi, mpaka nilipomwona mtoto akipimwa mabega. Alisimama wima kama askari. Mtu humpima mtoto anayetarajia kumwona tena.

Sasa niwasimulie kosa langu kubwa, mlicheke mkiwa mmekaa.

Mwezi wangu wa pili, nilikuwa na watoto kumi na mmoja waliopata nafasi kwenye shule moja lakini hawana mitungi. Nilimwendea mfanyabiashara mmoja mwenye moyo wa huruma, akanipa mitungi kumi na mmoja mipya, ya manjano, inayong'aa, yenye vifuniko vyekundu. Nilifurahi kiasi kwamba nilinunua kalamu nene, nikaandika jina la shelta kwenye kila mtungi kwa herufi kubwa, isije ikapotea. Nililala usingizi wa mtu aliyetenda mema.

Kesho yake walienda shule wote kumi na mmoja. Keshokutwa walienda wanne. Siku ya tatu hakwenda mtu.

"Kwani kuna nini?" niliwauliza.

Yule msichana aliyelia siku yangu ya kwanza ndiye aliyejibu, na safari hii hakulia, alikasirika. "Madam, umeona mitungi ya wengine?"

Sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeisikia tu. Nikaenda kusimama langoni asubuhi, nikaitazama mmoja mmoja. Ilikuwa mitungi ya zamani ya mafuta ya kupikia, imekwaruzwa, imeshonwa kwa plastiki iliyoyeyushwa, mipini ya kamba, na hakuna hata mmoja wenye kifuniko. Yote ilikuwa imezibwa kwa magunzi ya mahindi. Katika lango lile, mtungi wenye kifuniko chekundu ulikuwa sawa na kengele iliyofungwa shingoni mwa mtoto.

Mzee Kasyoki alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alipomaliza alisema, "Peleka sokoni. Badilisha."

"Nibadilishe mipya kwa mikuukuu?"

"Watakupenda sana leo."

Walinipenda. Akina mama wa sokoni Makindu walipiga foleni. "Asi! Huyu mama ameshikwa na nini?" alisema mmoja, huku akiukumbatia mtungi wake mpya haraka kabla sijapona. Nilirudi shelta na mitungi kumi na mmoja mibaya kuliko yote niliyopata kuona, na mfuko wa magunzi. Watoto wakagombania ule uliopasuka mpini. Kesho yake nilisimama tena kwenye kivuko cha reli, nikasikiliza, na sikuweza kutofautisha mlio wa watoto wangu na wa wengine. Mpaka leo sijapata sifa kazini iliyonifurahisha kama kutosikia tofauti hiyo.

Miaka ikapita, Mzee Kasyoki akastaafu, nami nikahamishiwa Mwingi, upande wa Kitui, na kitabu cheusi mkobani. Mwingi ni mji wa malori. Yanapita kwenda Garissa na kurudi, mbuzi wamepangwa ghorofa kwa ghorofa, na upepo unanukia mbuzi na dizeli. Shelta ya hapo ilikuwa ukumbi nyuma ya kanisa, na chini ya paa hilo moja waliishi Wakamba wa huku na familia za Kiislamu zilizotoka kaskazini mashariki, wakigawana jiko, kamba ya nguo na watoto wachanga wa kubembeleza.

Humo ndimo nilimomkuta Halima. Alikuwa na miaka kumi na miwili, gredi ya sita, ushungi umefungwa kwa pini ya karatasi, na macho ya mtu anayehoji badala ya kuhojiwa. Baba yake, mchuuzi wa mbuzi, alikuwa ameondoka na lori kutafuta kazi na simu yake ikanyamaza. Chumba walichopanga kiliungua, na cheti chake cha kuzaliwa kikaungua humo.

"Umesoma shule ngapi, Halima?"

"Nne. Hii yako itakuwa ya tano. Ukinipeleka ya sita, nitakuwa nimesoma kuliko wewe."

"Halima!" mama yake akamkemea, lakini mdomo ulikuwa unamcheza.

"Mimi nataka moja tu, Madam," Halima aliendelea. "Moja ambayo nitaimaliza."

Mama Halima alinisogeza kando. Aliongea polepole. Dada yake wa Garissa alikuwa anamtaka Halima akamsaidie kulea watoto. "Mwisho wa mwezi huu wanafunga majina ya mtihani wa gredi ya sita. Asipoandikwa, nampeleka kwa dada yangu. Nitafanya nini? Msichana mkubwa hawezi kukaa hapa kutwa nzima anaangalia shuka." Akageuka kulitazama shuka lenyewe, lililokuwa mlango wao, likipepea.

Shule iliyokuwa karibu iliongozwa na Mwalimu Kilonzo, mtu mrefu aliyeamini rula, tangi la maji na orodha ya majina, kwa mpangilio huo. Aliponiona langoni alivua miwani.

"Madam Nduku, umeniletea wako tena."

"Nimeleta wetu, Mwalimu."

"Wako hula chakula cha mchana mara kumi halafu wanayeyuka. Nabaki na jina bila mtoto. Unajua mtoto akisajiliwa na asifanye mtihani naandika barua ngapi?"

"Tatu."

"Nne! Wameongeza."

Alikuwa na haki ya kulalamika. Shelta hupokea na huhamisha, na mwalimu hubaki na dawati lenye nusu. Tukavutana mpaka kengele ya mapumziko ikalia. Mwishowe akasema atampokea kwa sharti moja: kabla ya kufungwa kwa majina, akikosa shule siku tatu mfululizo, atalifuta jina.

"Hata watoto wa wengine hukosa," nilimwambia.

"Wa wengine nawajua kwao."

"Huyu mjue dawati lake."

Akavaa miwani. "Safu ya tatu, na Mwikali. Mwikali anaongea sana, atamzuia asitoroke."

Nikaandika kwenye kitabu cheusi. Kisha nikaanza kuandama nakala ya cheti cha kuzaliwa, kazi ambayo inahitaji viatu imara na uso usioona haya. Nilikaa kwenye benchi la ofisi ya usajili wa vizazi mara nyingi mpaka mfagiaji akaanza kuniita kwa jina anaponiambia niinue miguu. Nakala ikapatikana. Halima akapewa mtungi mkuukuu wenye gunzi, na kwa wiki mbili hakukosa hata siku moja.

Halafu kanisa likahitaji ukumbi wake kwa mkutano wa injili. Familia zote zikahamishiwa stoo ya zahanati iliyofungwa, kwenye barabara ya kwenda Nuu, ng'ambo ya mto wa mchanga, mwendo wa saa mbili kwa miguu ya mtoto. Utaratibu wetu ulikuwa wazi: mtoto akihamishwa makao, ahamishwe shule. Fomu ya uhamisho ikaletwa mezani kwangu imejazwa tayari, imebaki sahihi.

Nikaenda nayo stoo. Halima alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mkoba mgongoni, mtungi miguuni. Aliiona karatasi.

"Ndiyo ya sita?" aliuliza.

Nimewahi kuulizwa maswali na wakubwa wenye magari, lakini hakuna lililonigusa kama hilo. Niliikunja fomu mara nne. "Hapana," nilisema. "Hii ni ya kuwekwa chini ya mguu wa meza yangu. Meza inayumba."

Nilisema hivyo sijui mtoto atafikaje shule. Pesa za bodaboda wa kila siku hatukuwa nazo. Nilisimama pale stoo asubuhi iliyofuata, nikifikiria, ndipo mkokoteni wa punda ukapita umebeba mitungi mikubwa ya maji. Mwenyewe, Mama Mumo, alichota maji kila alfajiri kwenye visima vinavyochimbwa ndani ya mchanga wa mto, akayauza mjini, na njia yake ilipita mbele ya shule kabisa. Punda wake walikuwa wawili. Wa kushoto aliitwa Mheshimiwa, kwa sababu hakuwahi kufika mahali kwa wakati na bado alitaka kupishwa.

Nilimweleza shida yangu. Mama Mumo alimpima Halima kwa macho.

"Atakaa juu ya mitungi. Lakini asikae bure. Anajua kusoma?"

"Gredi ya sita," Halima akajibu mwenyewe.

"Basi utasoma kwa sauti njia nzima. Mimi na Mheshimiwa hatukusoma."

Hivyo ndivyo gredi ya sita ilivyofundishwa kwenye barabara ya Nuu. Mama Mumo alianza safari kwa wimbo wa kanisani, na wimbo ulipoisha Halima aliingia na sehemu za ua, mzunguko wa damu na mipaka ya Kenya. Siku moja nilimkuta Mama Mumo sokoni akimweleza mteja kazi ya chavua kwa ukali sana, kama mtu aliyegundua kwamba maua yamekuwa yakimficha jambo.

Wiki ya mwisho ya usajili mvua ikanyesha huko milimani. Hapa kwetu mbingu zilikuwa safi, lakini mto uliteremka, mwekundu, na magogo. Siku ya kwanza Halima hakufika. Siku ya pili hakufika. Siku ya tatu ndiyo majina yalikuwa yanafungwa, saa nne asubuhi, na simu ya Mama Halima haikuingia. Nilijua kwamba mahali fulani ng'ambo ya maji yale mama mmoja alikuwa anakunja nguo za safari ya Garissa.

Nilifika shuleni mapema, nikasimama langoni. Mwalimu Kilonzo alikuwa kwenye tangi, akikagua kiwango cha maji. Akaingia ofisini. Akatoka akakagua tangi tena. Alipolikagua mara ya nne nikaelewa kwamba si tangi analolitazama, bali barabara iliyo nyuma yake.

"Sheria ni sheria, Madam," alisema bila kugeuka.

"Ni kweli, Mwalimu."

"Saa tatu na nusu sasa."

"Ni kweli."

Akalikagua tangi mara ya tano. Na hapo, kutoka nyuma ya ua wa miti ambako jicho halikufika, nikausikia: ko, ko, ko-ko.

Mkokoteni ukakata kona. Mitungi ishirini ilikuwa inarukaruka na juu yake alikaa Halima, pindo la sketi limelowa, mkono mmoja umeshika kitabu. Darasa lake likamiminika dirishani. Mwikali alipiga ukelele uliosikika, nadhani, mpaka Garissa.

Halima akashuka, akajikung'uta, akasimama mbele ya mwalimu mkuu.

"Umechelewa," alisema Mwalimu Kilonzo.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na maji ya shule yako wapi?"

"Leo hakuna maji, Mwalimu. Mto umejaa maji."

Mpishi wa shule ndiye aliyeanza kucheka, kwa sababu ndiye aliyejua zaidi ya wote jinsi tope linavyofukia visima vya mchanga, na jinsi tunavyolala na kiu siku pekee ambayo mto wetu unafanana na mto. Kisha nikacheka mimi. Mwalimu Kilonzo alipambana na uso wake kwa ushujaa, akashindwa.

"Mlivukaje?" nilimuuliza Mama Mumo.

"Maji yameshuka hadi chini ya goti la punda, lakini Mheshimiwa akakataa. Amesimama kama amechaguliwa tena. Huyu mtoto akashuka, akamsomea."

"Akamsomea nini?"

"Kanuni za shule. Alipofika ile ya kuchelewa, punda akaingia mwenyewe."

"Ingia darasani," Mwalimu Kilonzo alimwambia Halima, na sauti yake ilikuwa imepoteza rula yote. "Mwikali ameweka mkoba wake kwenye nafasi yako siku mbili. Hakuruhusu mtu akae."

Tukaenda ofisini, akaliandika jina kwenye orodha ya mtihani mbele yangu. Kompyuta ikafikiri, ikazungusha kiduara chake, ikafikiri tena. Nilishika ile penseli fupi kama mtu anayeshika mkono wa daktari. Ikakubali. Saa nne kasoro dakika chache kengele ikalia, nami nikatoka nje kumshukuru Mheshimiwa, ambaye alikuwa anakula ua la shule.

Wenzangu mliochukua ofisi yangu: ile meza mguu wake mmoja ni mfupi. Karatasi iliyokunjwa mara nne chini yake msiitoe. Fomu nyingine zikija zimejazwa tayari, nendeni kwanza mkamwone mtoto, mbebe kitabu cheusi, na mwandike dawati kabla ya jina. Futi iko kwenye droo ya chini. Sare msichukue zinazong'aa.

Halima alifanya mtihani wake. Mama yake akapata kazi ya kupika chapati kwenye hoteli ya madereva wa malori, akapanga chumba umbali wa kutupa jiwe kutoka shuleni, na gredi ya saba ikawa kwenye uwanja uleule, kwa hiyo ile shule ya sita haikuwahi kuhitajika. Siku ya kwanza ya muhula mpya ilikuwa pia karibu ya mwisho kwangu kazini. Nikapita kuwaona.

Mama Halima alinimiminia chai kwenye kikombe chenye maua, akanionyesha kila kitu: kitanda, jiko, rafu ya vitabu iliyotengenezwa kwa kreti ya soda. Mlango hakunionyesha, ila niliona jinsi mkono wake ulivyoupapasa tulipoingia. Ulikuwa wa bati la buluu, na komeo.

Halima alikuwa anatafuta soksi, ananung'unika, anaulizia pini yake. Akaupata mtungi nyuma ya jiko, akalikandamiza gunzi kwa kiganja.

"Wacha kuzungukazunguka kama mgeni, utachelewa," mama yake akamwambia. "Na ufunge mlango, kuku wa jirani wanaingia."

"Nimesikia, Mama."

Hakuniaga. Alitoka kama wanavyotoka watoto wenye haraka, mkoba umening'inia bega moja, akaunyoosha mkono nyuma bila kutazama, na akaufunga mlango.